Jino la Kulia

Haya yote ni kweli tupu, kuanzia neno hili mpaka nukta ya mwisho. Siapi kwa vitu vikubwa, maana vitu vikubwa havinijui. Naapa kwa gego langu lililopasuka, ambalo kila kukicha mke wangu ananihimiza nikalivishe kofia, na kila kukicha mimi napata udhuru. Tumewekeana sharti. Yeye atasoma karatasi hizi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikuta uongo mmoja, hata wa ukubwa wa chawa, nitajipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno bila kuburutwa. Asipoukuta, hatalitaja tena gego langu mpaka naingia kaburini. Sasa niambie, mtu mwenye sharti kama hilo shingoni atadanganya kwa faida gani?

Basi sikiliza.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye kliniki ndogo ya meno iliyo juu ya duka la vioo. Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki, redio iliyokuwa ikinong'ona, na ukutani picha ya jino kubwa linalotabasamu, ingawa sijui jino lina sababu gani ya kutabasamu mahali kama pale. Mara mlango wa ndani ukafunguliwa kwa kishindo, daktari akatokeza uso uliokuwa mweupe kuliko koti lake.

"Kofia imeibiwa!"

Watu watatu walikuwa wamekaa pale. Mmoja alikuwa sajini wa upelelezi aliyestaafu, mzee mrefu aliyeitwa Kibogoyo, na jina hilo hakulionea haya kwa kuwa hakuwa na jino hata moja mdomoni. La mwisho lilimtoka wiki ileile aliyostaafu, kana kwamba nalo lilikuwa likisubiri kiinua mgongo. Alimtazama daktari, akamtazama jirani yake wa kushoto, kisha akanyoosha kidole.

"Mbona hii hapa? Iko kichwani mwake."

Jirani huyo, mwanamume mnene mwenye kofia ya pama, aliivua haraka na kuigeuza ndani nje, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuiba kichwa chake mwenyewe.

"Si kofia ya kichwa, mjomba," ilisema sauti kutoka nyuma ya daktari. Alikuwa msaidizi wa kliniki, mtoto wa dada yake Kibogoyo. Ndiye aliyemshawishi mzee aje kupimwa meno ya bandia. "Ni kofia ya jino. Ile ya dhahabu."

Hapo mtu wa tatu akasimama. Alikuwa mshonaji nguo, mjane, na mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani.

"Dhahabu yangu?" alisema. "Pete ya marehemu mume wangu?"

Akajijibu mwenyewe kwa kukaa tena chini, polepole. Pete ile ilivuliwa kidoleni mwa mumewe hospitalini. Alikaa nayo miaka bila kujua aiweke wapi, mpaka jino lake lilipoharibika. Akasema heri iyeyushwe iwe kofia ya jino, akae na mumewe mdomoni, mahali ambapo mwizi hafiki.

"Mwizi amefika," alisema yule mwanamume wa pama. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. "Nilikwambia, shemeji. Pete ya kaka ilikuwa ibaki katika ukoo."

Daktari alikwishafunga mlango wa nje kwa ufunguo. "Kisanduku cha kofia kilikuwa kwa mtu mmoja tu," alisema, akamgeukia msaidizi wake. "Wewe. Ikifika saa sita haijaonekana, naita polisi. Na hata wakikuachia, hakuna kliniki itakayompokea mwizi. Nitahakikisha."

Kibogoyo akasaga meno kwa hasira, lakini alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi.

"Daktari, mimi mjomba wake nipo, na sina haraka ya kwenda popote. Niruhusu niulize watu maneno mawili matatu. Nikishindwa, polisi nitawaita mimi mwenyewe, nao watanisalimu kwa saluti."

Daktari alisita, kisha akainua mabega. "Uliza."

Kibogoyo alianza na mpwa wake, kwenye chumba kidogo cha kuchemshia vyombo, mbele ya meza ya bati.

"Kofia ililetwa lini?"

"Asubuhi hii. Fundi wa meno aliileta mwenyewe, ndani ya kisanduku hiki. Ilikuwa imekaa juu ya plasta."

"Plasta gani?"

"Ya meno ya Mama Cherehani, taya lote la chini, limenakiliwa kwa plasta nyeupe. Fundi hutengenezea kofia juu yake ili ikae sawasawa. Niliiona kwa macho yangu, mjomba. Inang'aa! Nikakiacha kisanduku hapa mezani, nikaenda kuchukua taulo stoo."

"Ulichelewa?"

"Kidogo. Taulo zilikuwa juu kabatini. Niliporudi nikakuta kisanduku kitupu."

Kibogoyo alikifunua kisanduku. Mlikuwa na sifongo tu, imebonyea umbo la taya.

"Na plasta iko wapi?"

Binti alikitazama kisanduku kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. "Nayo haipo."

"Ulipokuwa stoo, ulisikia chochote?"

"Redio tu. Na mashine ya daktari, ile ya kusagia meno. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena."

"Akimtibu nani?"

"Hakuna. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mama Cherehani, naye alikuwa bado kule nje."

Mzee alilamba ufizi wake. Ilikuwa desturi yake akipata kitu cha kutafuna.

Fundi wa meno alikuwa bado hajaondoka. Walimkuta kwenye pembe ya jikoni anakunywa chai, mtu mfupi mwenye vumbi la dhahabu kwenye kucha.

"Najua unachowaza, mzee," alisema kabla hajaulizwa. "Fundi wa dhahabu, kucha za dhahabu, mwizi wa dhahabu."

"Sijawaza. Umewaza wewe kwa niaba yangu."

"Ningetaka kuiba, ningeiba kwangu, nikiyeyusha. Punje mbili hivi nani angejua? Kwa nini niilete hapa, nimkabidhi mtu, halafu niibe mbele ya sajini?"

"Hoja nzuri. Wezi wengi huwa nayo," alisema Kibogoyo. "Plasta ile ina thamani gani sokoni?"

Fundi alicheka mpaka chai ikamwingia puani. "Plasta ya meno ya mtu? Mzee, hata ukimpa mtu bure atakuuliza umemkosea nini."

Shemeji mtu ndiye aliyekuwa mgumu. Alikunja mikono juu ya tumbo, pama likiwa gotini.

"Uliitaka pete ile?" aliuliza Kibogoyo.

"Niliitaka, na bado naitaka. Sijaficha. Kaka yangu hakuvaa pete iishie kutafunia nyama!"

"Na uliinuka hapa asubuhi hii?"

"Niliinuka kwenda msalani. Au msalani siku hizi ni kosa?"

"Inategemea umepita wapi. Mlango wa msalani uko karibu na ile meza ya bati."

Mnene yule alitoa jasho, akalifuta kwa pama. "Nipekue! Nipekue mbele ya watu!"

Alipekuliwa na fundi. Walikuta leso, kipande cha chaki ya kushonea alichobeba kwa bahati mbaya kutoka kwa shemejiye, na pipi ya kikohozi. Fundi naye akapekuliwa na shemeji, kwa ukali wa kulipiza. Mkoba wa msaidizi ukamwagwa mezani. Hata daktari alijitolea, akavuta mifuko yake yote nje, ikaning'inia kama masikio ya sungura. Hawakupata kitu.

"Mashine yako ililia asubuhi, daktari," alisema Kibogoyo. "Kiti kikiwa kitupu."

"Naijaribu kila asubuhi kabla ya kazi. Ni kawaida." Daktari alipita, akaenda kunawa mikono kwenye sinki la koridoni, lililo nje ya choo. Alinawa kwa muda mrefu, akajifuta, akatazama saa ya ukutani. "Unakaribia kumaliza?"

"Nimekaribia kuanza," alisema mzee.

Wakati huo mpwa wake alikuwa amemletea Mama Cherehani chai na biskuti, maana mjane alikuwa amepauka. Kibogoyo akakaa mkabala naye. Watu wasio na meno huwatazama watafunaji kama asiye na gari anavyoyatazama magari: anajua kila injini. Alimwona Mama Cherehani akimega biskuti, akaiingiza, na kuipeleka upande wa kulia. Akatafuna taratibu, kichwa kimeinama upande huohuo, ambako gego moja lilionekana limevishwa plastiki.

"Mama," alisema Kibogoyo, "huko unakotafunia si ndiko daktari alikokuwekea kofia ya muda, ya kushikizia mpaka hii ya dhahabu iwe tayari?"

"Ndiko."

"Na si alikukataza kutafunia huko?"

"Alinikataza. Lakini nitatafunia wapi, baba? Kushoto hakutafuniki. Kunauma kama mwanzo."

"Mwanzo upi?"

"Mwanzo ulionileta! Mimi uzi naukata kwa meno, miaka nenda miaka rudi. Siku moja likasema ka! Likapata ufa. Usingeuona kwa macho, lakini ukigusa, roho inatoka."

"Likasema ka upande gani?"

"Kushoto. Si nimekwambia?"

Shemeji alijisogeza na kiti chake. Fundi alishusha kikombe.

"Na daktari akasaga na kuvisha la kulia," alisema Kibogoyo, polepole. "Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza ganzi ilipoisha. Akaniambia maumivu ya meno husafiri. Yanaweza kuwa nyumbani kulia, yakatembelea kushoto. Mimi fundi wa nguo, nikasema labda kweli yana nauli."

"Mama, nisikilize vizuri. Siku ya kwanza ulipokaa kwenye kile kiti, ulimwambia maneno gani? Usinipe maana. Nipe maneno."

Mama Cherehani aliweka biskuti. "Nilimwambia, daktari, linaloniuma ni jino langu la kulia."

"La kulia."

"Ndiyo."

"La upande wa kulia, au la kulia chakula?"

"La kulia chakula, jamani! La upande ningesema la upande. Mimi tangu utoto chakula nakilia kushoto."

Kisha Kibogoyo akauliza swali la mwisho, kwa sauti ya chini.

"Na leo umemwambia kwamba bado linauma?"

"Pale mlangoni, nilipofika. Nilisema, daktari, haya maumivu yako hayajasafiri kokote, yako palepale kushoto. Akanitazama kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Akaingia ndani mbio."

Mzee alisimama, akanyoosha koti lake, akagonga mlango wa chumba cha matibabu. Saa ilikuwa haijafika sita.

"Daktari, nimekata tamaa ya kumpata mwizi. Ngoja nipimwe meno niliyofuata. Na hawa waje washuhudie, naogopa."

Aliketi kwenye kiti, akalala chali, taa ikamwangaza. Wengine walijazana mlangoni. Daktari alikuwa na furaha ya mtu aliyeona adui akikunja mkeka. Akachukua glavu.

"Nawa mikono kwanza, daktari," alisema Kibogoyo kutoka kitini. "Mimi ni mzee, naogopa vijidudu."

Daktari akageuka kwenda mlangoni.

"Unakwenda wapi? Sinki si hilo hapo pembeni yako?"

"Lina hitilafu. Natumia la koridoni."

"Tangu lini, mpwa wangu?"

"Mbona nimelisafisha mimi asubuhi?" alisema binti. "Lilikuwa linameza maji vizuri kabisa."

Kibogoyo alinyoosha mkono wake mrefu bila kuinuka, akafungua bomba. Maji yakatiririka, yakazunguka, yakakataa kushuka. Yakaanza kupanda, meupe kama maziwa.

"Fundi," alisema, "una spana?"

Alikuwa nayo, mafundi hawatembei bila kitu. Akainama chini ya sinki, akaweka ndoo, akafungua ile kona ya bomba. Kwanza yakamwagika maji, kisha likafuata tope jeupe lenye vipande vya plasta, kimoja kikiwa bado na umbo la jino. Halafu kitu kikagonga chuma cha ndoo: kling!

Mama Cherehani alitia mkono kwenye ndoo kabla ya mtu yeyote.

"Mwizi wa dhahabu haibi plasta," alisema Kibogoyo, sasa ameketi wima. "Fundi amenifundisha, haiuziki. Shemeji angeitupa palepale. Plasta anaihofia mtu mmoja tu: yule ambaye inaweza kumsemea. Taya lote lilikuwa pale, jino la kulia lililosagwa na la kushoto lililoachwa, yametazamana kama mashahidi mahakamani. Ndipo mashine ikalia na hakuna mgonjwa kitini. Hukuwa unaijaribu, daktari. Ulikuwa unasaga ushahidi."

Daktari aliegemea kabati. Mifuko yake bado ilikuwa nje.

"Kofia sikutaka ipotee," alisema mwishowe. "Iliponyoka, ikatumbukia. Nilitaka kuihifadhi."

"Ili?"

"Mkiamini imeibiwa, tungeanza upya. Kipimo kipya, ganzi mpya. Chini ya ganzi ningelitengeneza la kushoto, ningelivisha dhahabu hiyohiyo imeyeyushwa, na la kulia ningeliwekea ya kawaida. Yeye angepona. Asingejua kamwe."

"Na mimi?" aliuliza msaidizi. Ndilo neno lake la kwanza kwa daktari tangu asubuhi. "Mimi ningepona vipi?"

Daktari hakumtazama. "Miaka ishirini na kadhaa nimefanya kazi hii," alisema. "Sijawahi kusaga jino zima. Kwa neno moja tu! Ningemwambiaje?"

"Ungemwambia hivi," alisema Mama Cherehani, akiifuta kofia kwa pindo la nguo yake. "'Mama, nimekosea.' Mimi nimekata vitambaa vya watu vibaya mara ngapi? Nasema nimekosea, wananitukana, tunaendelea. Lakini sijawahi kusema kitambaa kimeibiwa na msichana anayenifagilia."

Nje, wagonjwa wengine walikuwa wanagonga mlango uliofungwa. Kibogoyo akauchukua ufunguo mezani, ulipowekwa wakati wa kupekuliwa, akamkabidhi daktari.

"Fungua. Kisha, mbele ya hao, sema ni nani aliyeiba na ni nani hakuiba. Ulimwita mwizi mbele ya watu, msafishe mbele ya watu. Ukimaliza, mengine utayaeleza kwa wakubwa wako wa kazi."

Daktari alifungua, akasema. Alisema kwa sauti ndogo, Kibogoyo akamwomba arudie kwa kuwa masikio yake ni ya kizee. Siku ileile msaidizi alivua koti la kliniki ile, akalikunja vizuri, akaliacha mezani. Sasa yuko kliniki nyingine, ng'ambo ya barabara, na huko wanamshirikisha hata katika kuagiza dawa. Dhahabu iliyeyushwa tena na kuvikwa jino la kushoto. La kulia likapata kofia nyeupe kwa gharama ya yule aliyelisaga. Mama Cherehani akicheka sasa, marehemu huchungulia. Shemeji mtu huenda kumtembelea mara kwa mara, na kila akifika humsimulia kichekesho, amwone kaka yake.

Nukta.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini, nikampa mke wangu karatasi. Alizisoma amevaa miwani yangu, maana anasema yake haioni makosa yangu vizuri. Alicheka penye pama. Penye pete akajifuta jicho. Mimi tayari nilikuwa najiona nakufa kwa amani na gego langu. Kisha kidole chake kikasimama.

"Baba watoto, huyu sajini wako ana meno mangapi?"

"Hana hata moja, bibie. Ndiyo maana anaitwa Kibogoyo."

"Na hapa, daktari anapomwita mtoto mwizi, sajini amefanya nini?"

Nikainama nisome. Nikasoma mara mbili.

"Huo ni msemo tu," nikasema.

"Sharti letu halikutaja misemo. Amesaga ya nani? Ya kuazima?"

"Labda amesaga fizi."

"Ungeandika fizi. Vaa viatu."

Nikavaa. Kliniki aliyonipeleka ilikuwa na viti vya plastiki na picha ya jino linalotabasamu. Kabla sijapanda kitini, nilimwomba daktari ruhusa ninawe mikono kwenye sinki lake. Maji yakashuka vizuri, yakagugumia chini huko na kupotea. Nikalala chali, taa ikaniangaza.

"Haya, mzee," alisema daktari. "Linalokusumbua ni jino gani?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameukumbatia mkoba wake. Neno likanijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nikafungua mdomo wazi, nikatia kidole ndani, nikaonyesha.